Reli: Egiyaji, kipande cha chuma kinachoamua nani atafika salama

KIBUMBA – Kila asubuhi kukiwa na usalama barabarani, tshukudu zinateremka kutoka Kibumba kuelekea Goma. Zimebeba kabichi, karoti, vitunguu na viazi, na nyingine zina mzigo wa mamia ya kilo juu ya mbao na magurudumu mawili tu. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 25 kwenye barabara ya kitaifa nambari 2, na sehemu kubwa ni mteremko. Kabla ya kuanza safari, mwenye tshukudu anaizunguka kwanza. Anagusa gurudumu la mbele, anatikisa usukani, anatazama mpira wa breki na kukaza kamba za mzigo. Akipuuza jambo dogo hapo juu, atalilipia huko chini.

Tshukudu ina kitu ambacho treni haina, nacho ni usukani. Dereva wa treni anaweza kuongeza mwendo, kupunguza au kusimamisha, lakini hawezi kugeuza kushoto wala kulia. Njia ndiyo inayogeuka badala yake. Kila mahali ambapo reli moja inagawanyika kuwa mbili, kuna mtambo wa vyuma unaosogea na kuielekeza treni upande mmoja au mwingine. Wafanyakazi wa reli wa Kongo wanauita egiyaji, neno walilolipata kwenye Kifaransa. Tanzania na Kenya, ambako reli ilisimamiwa na Waingereza, husema pointi.

Kibumba hakuna reli, na Goma pia hakuna. Hata hivyo, maisha ya wakaaji wa mashariki ya Kongo yanazidi kuunganishwa na reli za majirani. Kontena zinazoshushwa Mombasa au Dar es Salaam zinaanza safari kwenye bandari zenye reli, kisha malori yanazipokea na kuzileta hadi Kivu. Mipango ya kusogeza reli karibu na mipaka ya Kongo inaongezeka mwaka hadi mwaka. Ndani ya nchi yenyewe, raia wa Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba na Maniema wanaendelea kusafiri kwa treni za shirika la SNCC, mara nyingi juu ya mabehewa ya mizigo. Kwa wote hao, namna egiyaji inavyotengenezwa, inavyochunguzwa na inavyotunzwa ni jambo la kufa na kupona.

Ndimi mbili na moyo mmoja

Kwa macho, egiyaji ni kitu rahisi. Kuna reli mbili za nje ambazo hazisogei. Katikati yake kuna reli nyingine mbili zilizochongwa na kuwa nyembamba mwishoni, kama ncha ya kisu. Hizo huitwa ndimi. Ndimi zimeunganishwa kwa fimbo za chuma ili zisogee pamoja. Ulimi mmoja ukibana reli ya nje upande wake, mwingine unaachia nafasi upande wa pili. Gurudumu la treni, ambalo lina ukingo upande wa ndani, linafuata ulimi uliobana na treni inaelekea huko.

Mbele kidogo, reli ya njia moja inakatana na reli ya njia nyingine. Sehemu hiyo inaitwa moyo. Hapo lazima kuwe na mwanya ili ukingo wa gurudumu upite. Kwa hiyo kwa muda mfupi sana gurudumu linavuka pengo, kisha linagonga ncha ya moyo. Pembeni huwekwa reli fupi ya ulinzi inayolishika gurudumu la upande wa pili lisiteleze na kuingia njia isiyo yake.

Kila gurudumu linalopita linagonga mahali palepale, na treni moja ya mizigo ina mamia ya magurudumu. Ndiyo maana moyo hutengenezwa mara nyingi kwa chuma chenye manganizi nyingi, kiasi cha asilimia 12 au 13. Chuma hicho kilivumbuliwa na Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882, na sifa yake ni kwamba kadiri kinavyogongwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Hata hivyo nacho huchakaa. Kinapoanza kumomonyoka au kupasuka, lazima kichomelewe, kisagwe upya au kibadilishwe.

Mwendo wa treni nao hubadilisha umbo la egiyaji. Kwenye yadi ambako treni inatambaa, egiyaji inaweza kuwa fupi na kukata kona kali. Kwenye njia za mwendo kasi inakuwa ndefu na kona yake inafunguka taratibu, ili abiria wasitupwe upande mmoja. Ufaransa, kwenye njia za TGV, kuna egiyaji zinazoruhusu treni kubadilisha njia ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hizo huwa na moyo ambao nao unasogea ili kuziba ule mwanya. Faida yake ni kwamba gurudumu halivuki pengo. Gharama yake ni kwamba mota, kufuli na vitu vya kukagua vinaongezeka.

Pengo la milimita chache

Hatari kubwa iko kwenye ncha ya ulimi. Ikiwa ulimi haujabana sawasawa, ukingo wa gurudumu unaweza kuingia kati yake na reli ya nje. Gurudumu moja litaenda kushoto na lingine kulia, na treni itatoka njiani. Pengo linalozungumzwa hapa si la sentimita bali la milimita chache. Jiwe moja la kokoto, kipande cha mti au bolti iliyolegea linatosha.

Kwa sababu hiyo, egiyaji za kisasa zina ulinzi wa hatua tatu. Mota husogeza ndimi. Kufuli huzishika mahali pake ili mtikisiko wa treni usizirudishe. Kisha kifaa cha tatu, ambacho hakitegemei mota, hupima kama ulimi umefika kweli. Kifaa hicho kisipopata uhakika, taa ya ishara inabaki nyekundu na treni hairuhusiwi kupita.

Wazo la kufunganisha egiyaji na ishara lina umri mkubwa. Mwingereza John Saxby alipata hataza yake mwaka 1856. Kanuni yake ni kwamba ishara haiwezi kumwambia dereva apite wakati egiyaji inaelekeza kwingine. Zamani ilifanyika kwa vyuma na nyaya zilizovutwa kwa mkono kutoka kibanda kimoja. Leo inafanywa kwa kompyuta. Kwenye reli nyingi za kale za Afrika, bado kuna egiyaji ambazo mfanyakazi anazigeuza mwenyewe kwa mkono wa chuma pembeni mwa njia. Hapo usalama wote unategemea macho yake, nguvu zake na kumbukumbu yake.

Ajali tatu za Ulaya na somo lake

Nchi tajiri nazo zimezika watu kwa sababu ya egiyaji. Tarehe 10 Mei 2002, treni iliacha njia Potters Bar, kaskazini mwa London, na watu 7 walikufa. Wachunguzi walikuta nati zimeachia kwenye egiyaji, na fimbo zilizopaswa kushika ndimi hazikufanya kazi yake. Tarehe 23 Februari 2007, treni iliyotoka London kwenda Glasgow iliacha njia Grayrigg, kaskazini mwa Uingereza, na abiria mmoja alipoteza maisha. Fimbo za egiyaji zilikuwa zimelegea na kuvunjika. Ukaguzi uliopangwa kufanyika mahali hapo siku tano kabla, tarehe 18 Februari, haukufanyika.

Ya tatu ilitokea Ufaransa. Tarehe 12 Julai 2013, treni yenye abiria 385 iliondoka Paris kuelekea Limoges. Ilipofika stesheni ya Brétigny-sur-Orge, mabehewa yaliacha njia na watu 7 walikufa. Kilichosababisha ni kipande cha chuma kinachounganisha reli mbili kwa bolti nne, kwenye egiyaji iliyokuwa na makutano mengi. Bolti ziliachia, kipande kikazunguka na kukaa kwenye mwanya wa moyo. Treni haikuwa imezidisha mwendo ulioruhusiwa. Mwezi Oktoba 2022 mahakama ya Évry iliitia hatiani kampuni ya SNCF na kuitoza faini ya euro 300,000.

Ajali hizo tatu zinafanana kwa jambo moja. Hakuna iliyotokana na kitu kikubwa kilichovunjika ghafla bila dalili. Bolti ililegea kwanza, nyingine ikabeba mzigo wake, nayo ikachoka. Kati ya dalili ya kwanza na siku ya maafa kulikuwa na muda wa mtu kupita, kutazama na kukaza.

Mota inayojieleza yenyewe

Ndiyo sababu mashirika mengi ya reli yameanza kuziweka egiyaji chini ya uangalizi wa saa zote. Njia inayotumika zaidi ni kupima umeme unaovutwa na mota kila inaposogeza ndimi. Egiyaji yenye afya ina mchoro wake. Mota inapoanza, umeme unapanda ghafla, kisha unashuka na kutulia wakati ndimi zinateleza, kisha kunakuwa na badiliko dogo kufuli linaposhika. Kazi yote inachukua sekunde chache.

Mchoro ukibadilika, egiyaji inatoa taarifa kabla haijakwama. Umeme ukiongezeka katikati, huenda mafuta yamekauka kwenye bamba ambazo ndimi zinateleza juu yake, au mchanga umeingia. Ukipanda mwishoni, huenda kuna kitu kinazuia ulimi kubana, au kufuli limehama kidogo. Muda wa kugeuka ukirefuka siku baada ya siku, fundi anajua aende lini na abebe vifaa gani. Uingereza imefunga vipima vya namna hiyo kwenye maelfu ya egiyaji zake.

Vipo vifaa vingine. Sensa za mtikisiko hufungwa karibu na moyo na kuonyesha kama magurudumu yanagonga kwa nguvu kuliko kawaida, dalili ya ncha iliyochakaa au kokoto zilizozama. Treni za ukaguzi hupita na kamera, leza za kupima upana wa njia, na mawimbi ya sauti yanayotafuta nyufa ndani ya chuma ambazo jicho haliwezi kuziona.

Hata hivyo kompyuta haikazi bolti. Inaweza kusema kwamba kuna tatizo kwenye egiyaji fulani ya stesheni fulani, lakini lazima kuwe na mtu wa kwenda huko, mwenye ufunguo, mafuta, kipimo cha upana wa njia na ruhusa ya kusimamisha treni wakati anafanya kazi. Lazima pia kuwe na vipuri kwenye ghala. Mahali ambapo mfanyakazi hajalipwa kwa miezi mingi, sensa ya bei ghali inageuka kuwa pambo.

Kazi ya mikono

Matunzo ya egiyaji yanaanzia chini. Mataruma yake ni marefu kuliko ya njia ya kawaida kwa sababu yanabeba njia mbili kwa pamoja. Chini yake kuna kokoto, ambazo lazima zishindiliwe ili mataruma yasicheze. Kokoto nzuri ni ya jiwe gumu lenye kona, na basalti, jiwe gumu la volkeno ambalo wakaaji wa miguuni mwa Nyiragongo wanalifahamu, ni kati ya mawe yanayofaa kwa kazi hiyo. Lile la volkeno lililo jepesi na lenye matundu matundu halifai, kwani linasagika na kuwa vumbi. Kokoto zikijaa udongo, maji ya mvua hayapiti, mataruma yanaanza kupanda na kushuka kila treni inapopita, na bolti zinalegea.

Baada ya hapo kazi inapanda juu: kupaka mafuta bamba za kuteleza au kuweka vigurudumu vidogo vinavyopunguza haja ya mafuta, kupima kama ulimi unabana, kupima nafasi kati ya reli ya ulinzi na moyo, kusaga chuma kilichofura, kuchomelea kilicholika. Ni kazi inayorudiwa wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Haina sherehe wala utepe wa kukatwa, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kupunguziwa fedha.

Kongo: reli ya miaka zaidi ya 100

Reli si ngeni mashariki ya Kongo. Njia kati ya Kisangani na Ubundu ilikamilika mwaka 1906. Ile ya Kindu hadi Kongolo ilifuata mwaka 1911, na treni ilifika Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 1915. Mtandao unaosimamiwa leo na SNCC una urefu wa zaidi ya kilomita 3,600, lakini sehemu kubwa ni ya enzi za ukoloni, na vita na ukosefu wa matunzo vimeuchosha. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa uchukuzi ambao sehemu yake ilikuwa kuifufua SNCC. Hata baada ya hapo, treni zimeendelea kuanguka.

Mwezi Agosti 2007 treni ilianguka karibu na Benaleka, Kasai, na watu wapatao 100 walikufa. Tarehe 22 Aprili 2014, karibu na Kamina, walikufa zaidi ya 60. Tarehe 12 Septemba 2019, treni nyingine iliacha njia Mayibaridi, jimbo la Tanganyika. Tarehe 10 Machi 2022 ikawa zamu ya Buyofwe, jimbo la Lualaba, ambako treni ya mizigo iliyobeba mamia ya watu ilianguka na kuua zaidi ya 60.

Kila ajali kati ya hizo ina mazingira yake, na si haki kuzibebesha egiyaji zote. Lakini zote zinarudisha swali lilelile: nani alipita mahali pale kabla ya treni, alikagua nini, na alipoandika kwamba kuna kasoro, nani alisoma? Reli isiyo na jibu la swali hilo ni ya hatari hata ikiwa mpya.

Majirani wanajenga

Tanzania ilianza huduma za abiria kwenye reli yake mpya ya umeme, SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo treni ikafika Dodoma. Treni hizo zimepangwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kinatajwa kuwa na kilomita 300, lakini njia kuu ni kilomita 205 tu. Kilomita 95 zilizobaki ni njia za pembeni, za kwenye stesheni, yadi na sehemu za kupishana. Kila njia ya pembeni inaanzia kwenye egiyaji. Kwa hiyo karibu theluthi ya chuma chote kilicholazwa hapo inategemea ndimi zinazosogea.

Kenya ilitangulia mwaka 2017 kwa reli ya Mombasa hadi Nairobi. Hiyo ni njia moja, na treni mbili zinazokutana hupishana kwenye stesheni, moja ikiingia pembeni kusubiri. Hapo tena ni egiyaji inayoamua kama zitapishana au zitagongana. Uganda ilitia saini mkataba wa reli ya Malaba hadi Kampala mwezi Oktoba 2024, na mipango yake ya baadaye inataja tawi la kufika Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi. Tanzania na Burundi nazo zilitia saini mwaka 2025 mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati, na nia iliyotangazwa ni kuiendeleza hadi Kindu, Maniema.

Kama mipango hiyo itatimia, mkulima wa Kibumba anaweza kuona bei ya mbolea, saruji na mabati ikibadilika hata kama reli haitafika kijijini kwake. Lakini reli inayovuka mpaka inafika pamoja na mzigo wake wa matunzo. Upana wa reli mpya ni milimita 1,435 na wa reli za SNCC ni milimita 1,067. Treni ya upande mmoja haiwezi kuingia upande wa pili, na vipuri vya egiyaji haviingiliani. Kongo italazimika kufundisha mafundi wa aina mbili, kuwa na maghala mawili, na kuwalipa wote kwa wakati.

Kuna pia suala linalowahusu raia moja kwa moja, nalo ni biashara ya chuma chakavu. Bolti, nati na nyaya za shaba zinazoibwa kwenye reli huuzwa kwa bei ndogo sana. Kwa anayezinunua ni kilo chache za chuma. Kwa treni inayokuja usiku, ndiyo kinga ya mwisho. Nchi zenye reli salama zimewafundisha wakaaji wa kando ya njia kutoa taarifa wanapoona kitu kimelegea, na zimeweka nambari ya simu inayopokelewa.

Mwenye tshukudu wa Kibumba hana mota wala kompyuta ya kumwonya. Ana mikono yake, na sababu ya kukagua anaijua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayepiga goti juu ya mbao hizo kwenye mteremko. Abiria wa treni hana nafasi hiyo. Hawezi kushuka akatazame egiyaji kabla haijampitisha. Kazi hiyo ameiacha kwa mtu mwingine, asiyemjua, na ana haki ya kudai kwamba mtu huyo yupo, ana ufunguo mkononi, na amelipwa mwezi huu.